Nyua zimebaki, wapangaji wameondoka: kisa cha Hampstead Garden Suburb

Matembezi ya Hampstead Garden Suburb, kaskazini-magharibi mwa London, ni mafupi na hayana gharama. Unaanzia Temple Fortune kwenye barabara ya Finchley Road, unapita kati ya majengo mawili makubwa ya matofali yaliyojengwa kwa mfano wa lango la mji wa kale wa Kijerumani, unafuata mitaa yenye kona na nyumba za vigae, unapanda hadi uwanja wenye makanisa mawili, kisha unateremka hadi kwenye nyasi za Heath Extension. Kwa mwendo wa taratibu ni saa moja na nusu hivi. Hakuna tikiti, hakuna geti, na karibu kila kona ina kitu cha kumsimamisha mtu.

Nakichukua kitongoji hiki kama kisa kwa sababu hakikujengwa ili kitazamwe. Kilianza kujengwa mwaka 1907 kwa lengo lililotamkwa wazi: watu wa kila kipato waishi mahali pamoja, fundi, karani na tajiri, kila mmoja na bustani yake, wakipita njia zilezile na watoto wao wakicheza kwenye viwanja vilevile. Leo nyumba karibu zote zipo. Mafundi hawapo. Hata zile nyumba ndogo walizojengewa wao huuzwa kwa mamia ya maelfu ya pauni, na nyingine hupita milioni. Mpango uleule, wa watu walewale, ulifaulu kwa matofali ukashindwa kwa binadamu. Imekuwaje? Matembezi ya kawaida hayaulizi swali hilo, na mimi nadhani ndilo linaloyapa maana.

Treni ilikuwa inakuja

Henrietta Rowland alizaliwa mwaka 1851. Mwaka 1873 aliolewa na kasisi Samuel Barnett, na mwaka huohuo wakahamia Whitechapel, mashariki mwa London, ambako mume wake alipewa parokia ya St Jude. Whitechapel ya wakati ule ilikuwa na umaskini wa kutisha: familia nzima chumba kimoja, vichochoro visivyoingia jua, kodi inayolipwa kwa wiki na kukosekana kwa wiki. Wao walikaa hapo kwa miaka mingi. Mwaka 1884 walianzisha Toynbee Hall, nyumba ambamo vijana waliotoka vyuo vikuu walikuja kuishi na kufanya kazi katikati ya maskini. Imani yao ilikuwa kwamba ubaya mkubwa wa London ni kutenganishwa kwa watu. Tajiri anaishi magharibi, maskini anaishi mashariki, na hakuna anayejua mwenzake anaamkaje.

Barnett na mkewe walikuwa na nyumba ya kupumzikia ukingoni mwa Hampstead Heath, ule uwanda mkubwa wa nyasi na miti ulio juu ya jiji. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaja habari kwamba reli ya chini ya ardhi ingechimbwa kupita chini ya Hampstead hadi Golders Green, mahali ambapo wakati huo palikuwa njiapanda yenye mashamba. Bi Barnett alielewa haraka kinachofuata treni. Kila ilikofika, safu za nyumba zilizobanana zilifuata nyuma yake, na mashamba yakaisha ndani ya miaka michache.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kuokoa ardhi wazi. Ardhi yenyewe ilikuwa mali ya Eton College, shule maarufu ya wavulana, nayo haikutaka kufanya biashara kubwa namna hiyo na mwanamke peke yake. Ikabidi atafute wanaume wa kumdhamini. Akakusanya malodi wawili, wanasheria wawili, Wakristo wawili wa makanisa huru, yaani Waprotestanti wasio Waanglikana, na Askofu wa London. Michango ikapatikana, ekari 80 zikanunuliwa na kukabidhiwa serikali ya jiji ziwe za umma. Hizo ndizo Heath Extension ya leo. Naomba msomaji azikumbuke ekari hizi 80, maana tutarudi kwazo.

Halafu akataka zaidi. Badala ya kuzuia nyumba tu, kwa nini asizijenge yeye mwenyewe, kwa namna nyingine? Mwaka 1906 ikaundwa Hampstead Garden Suburb Trust, chombo cha kumiliki ardhi na kukisimamia kitongoji, ambayo ilinunua ekari 243 kutoka Eton. Tarehe 2 Mei 1907 Bi Barnett akachimba udongo wa kwanza. Wiki saba baadaye, tarehe 22 Juni, kituo cha Golders Green kikafunguliwa.

Uzuri uliopunguza kodi

Ukitoka Finchley Road na kufuata Hampstead Way, mkono mmoja utakutana na Asmuns Place. Ni barabara isiyopenya: nyembamba, fupi, inaishia kwenye duara dogo la kugeuzia. Nyumba zimejipanga pande zote mbili, zimeunganishwa kwa mafungu, nyingine zimesogezwa nyuma kidogo ili kutoa nafasi ya kijiuwanja cha nyasi. Mbele ya kila nyumba kuna ua wa miti uliokatwa vizuri, kimo cha kiuno au kifua, na kijigeti cha mbao. Hakuna ukuta. Nyuma ya nyumba palitengwa viwanja vya kulimia mboga.

Mgeni husimama hapa, hupiga picha, huendelea. Lakini hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote kwenye matembezi haya, na nitaeleza kwa nini.

Kanuni za ujenzi za Uingereza za wakati ule zilitungwa kupambana na maradhi ya mitaa michafu. Zilidai kila barabara mpya iwe pana, ya lami au mawe, na ipitike kutoka mwanzo hadi mwisho. Nia ilikuwa njema, ila barabara hizo zilikuwa ghali. Mjenzi aliyetumia fedha nyingi barabarani alizirudisha kwa kubana nyumba nyingi iwezekanavyo kando yake, uso mwembamba, uwanja mdogo nyuma, safu ndefu isiyo na mwisho. Kanuni ya afya ikazaa aina nyingine ya msongamano.

Raymond Unwin, aliyeupanga mtaa huu pamoja na mwenzake Barry Parker, alikuwa ameifanya hesabu hiyo. Ukipunguza barabara, unaokoa fedha, na fedha hizo zinaweza kuwa bustani au kodi ndogo. Shida ni kwamba sheria ilimkataza. Kwa hiyo Trust ikaenda Bungeni, na mwaka 1906 ikapata sheria yake yenyewe. Sheria hiyo iliruhusu barabara zisizopenya zenye upana wa futi 20 tu, mradi zisizidi futi 500 kwa urefu. Kwa upande wa pili iliweka masharti: wastani wa nyumba usizidi 8 kwa ekari, na nyumba zinazotazamana zitenganishwe kwa futi 50 angalau.

Kwa hiyo wembamba wa Asmuns Place, ambao leo unaitwa wa kupendeza, ni hesabu ya fedha. Kila futi ya lami ambayo haikuwekwa ilikuwa kodi ambayo mpangaji hakulipa. Ua wa miti nao uliwekwa kwa mpango mmoja na hilo: uligharimu kidogo kuliko ukuta, na uliruhusu bustani ya mmoja kuonekana na wote, hivyo mtaa mzima ukawa bustani bila mtu kununua ardhi ya ziada. Mapambo yenyewe ni machache. Paa limeteremka chini, madirisha ni madogo, plasta ni ya kukwaruza, mabomba ya moshi yamekusanywa pamoja. Uzuri umetokana na jinsi nyumba zilivyopangwa kuelekeana. Nimesoma na kuona mitaa mingi iliyojengewa watu wa kipato cha chini, na bado sijapata mfano ulio wazi kuliko huu wa mahali ambapo unafuu na uzuri vilitokana na uamuzi mmoja.

Nyumba hizi hazikuwa za Trust moja kwa moja. Zilijengwa na Hampstead Tenants, kampuni ya ushirika iliyoanzishwa mwaka 1907, ambamo mpangaji alinunua hisa na kuwa sehemu ya mwenye nyumba wake. Trust yenyewe ilijiwekea ukomo wa gawio: wawekezaji wasipate zaidi ya asilimia 5. Viwanja vya matajiri, hasa vile vilivyotazama Heath, vilitozwa kodi kubwa ya kiwanja, na vile vya mafundi kodi ndogo. Tajiri alimchangia fundi bila kuitwa mfadhili, kwa kuwa analipia mandhari yake.

Huo ndio ulikuwa mfumo. Una sehemu mbili: sehemu ya sura, yaani msongamano, nyua, miti, umbali, na sehemu ya fedha, yaani ukomo wa gawio, hisa za wapangaji, kodi zinazosaidiana. Tukiendelea na matembezi tutaona ni ipi iliyopewa mlinzi.

Willifield Green, kwa kupita

Kutoka Asmuns Place ni dakika chache hadi Willifield Green, uwanja mdogo wa nyasi uliozungukwa na nyumba. Hapa palikuwa na jumba la klabu lenye mnara, lililobuniwa na Charles Wade na kufunguliwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapangaji walikutania hapo, maana mtaa haukuwa na baa hata moja. Bomu liliiangusha klabu hiyo katika Vita vya Pili. Karibu na hapo palikuwa pia na The Orchard, makazi ya wazee wenye kipato kidogo, vyumba vilivyozunguka ua wa ndani, kazi ya Parker na Unwin ya mwaka 1909. Nayo imebomolewa.

Viongozi wa matembezi wengi hupita haraka, kwa kuwa majengo hayo mawili hayapo tena ya kuonyeshwa. Lakini tazama: sehemu mbili zilizobeba maisha ya pamoja ya watu wa kawaida ndizo zilizotoweka.

Uwanja wa juu

Central Square ndiyo kilele cha matembezi, na hapa kila mtu hutoa simu. Edwin Lutyens, aliyekuja baadaye kuibuni New Delhi, alifanywa msanifu majengo mshauri mwaka 1908 na kupewa uwanja huu. Akaweka makanisa mawili yakitazamana: St Jude-on-the-Hill la Kianglikana, na Free Church la Waprotestanti wasio Waanglikana. La kwanza lina mnara uliochongoka wenye futi 178. La pili lina kuba la chini. Paa zote mbili ni kubwa mno, zinateremka karibu hadi kwenye kichwa cha mtu anayepita. Kati yao, upande wa mashariki, lipo jengo la Institute, lililokusudiwa elimu ya watu wazima. Pembeni kuna nyumba ya mikutano ya Marafiki, yaani Waquaker, ndogo na nyamavu, ya mwaka 1913.

Kuweka makanisa mawili kwa heshima sawa kulikuwa na uzito. Nchini Uingereza ya wakati ule, dhehebu lilifuata tabaka kwa kiasi kikubwa: Kanisa la Anglikana lilikuwa la wenye nafasi, na makanisa huru yalikuwa na mafundi na wafanyabiashara wadogo wengi. Bi Barnett, mke wa kasisi wa Kianglikana, angeweza kuliweka kanisa lake peke yake katikati. Hakufanya hivyo.

Ingia St Jude's kama mlango uko wazi. Liliwekwa wakfu mwaka 1911, ingawa upande wa magharibi ulikamilika mwaka 1935 tu. Kuta na dari zimejaa michoro ya Walter Starmer, kazi iliyomchukua miaka. Kwenye kanisa dogo la Bikira Maria, kuba limepewa wanawake: miongoni mwao Elizabeth Fry, aliyewatetea wafungwa, na Grace Darling, binti wa mlinzi wa mnara wa taa aliyeokoa watu baharini. Kuna pia bamba la kuwakumbuka farasi waliokufa katika Vita vya Kwanza. Kwa mtu anayependa vitu vidogo kuliko minara, mambo haya mawili yanatosha kuhalalisha safari.

Nje ya kanisa, angalia nyumba za Lutyens pande za uwanja, North Square hasa. Matofali ya kijivu kwenye kuta, mekundu kwenye pembe na kuzunguka madirisha, mistari imenyooka. Ni nyumba nzuri sana. Na si za mafundi. Ukilinganisha na Asmuns Place, unatambua kwamba umevuka mpaka bila kuvuka geti: kutoka mitaa ya kona na plasta hadi mitaa ya mistari na matofali mawili, kutoka kodi ya wiki hadi kodi ya mwaka. Hilo ni kosa la mwanzo la mpango, na ni haki kulitaja. Matabaka yaliwekwa kwenye kitongoji kimoja, ila hayakuchanganywa. Mafundi walikaa kaskazini kuelekea Finchley, matajiri kusini kuelekea Heath, na uwanja wenye makanisa ukawa katikati kama mahali pa kukutania.

Je, walikutana? Uwanja huu hauna duka. Hauna mgahawa, hauna baa, hauna soko. Kuna ibada, masomo na nyasi. Bi Barnett alitaka utulivu, hata akakusudia kengele za makanisa zisisumbue watu. Lutyens alilalamika kwa barua kwamba mama huyu ni mwema, ila upeo wake wa uzuri hauvuki kikasha cha maua dirishani. Wakagombana juu ya vimo na ukubwa wa majengo. Wasomi hupenda kusimulia ugomvi huo, na humpa Lutyens ushindi. Mimi naona wote wawili walikosea jambo moja. Mmoja alitaka uwanja uwe mtukufu, mwingine alitaka uwe mtulivu, na hakuna aliyeuliza mke wa fundi angepita hapo Jumanne asubuhi kwa shughuli gani. Watu wa vipato tofauti hukutana wanapokuwa na jambo la kufanya mahali pamoja: kununua mkate, kusubiri basi, kukwepa mvua. Uwanja huu ni mtupu siku nyingi za wiki, na ulikuwa hivyo tangu mwanzo.

Hapo pia pana ile kasoro ya tabia ya Bi Barnett ambayo wapenzi wake huikwepa. Aliwapenda maskini kwa vitendo, kwa miaka mingi, tena akiishi kati yao. Lakini alijua kinachowafaa kabla hajawauliza.

Ukuta, nyasi na Waterlow Court

Kutoka uwanjani, Heathgate inateremka moja kwa moja hadi kwenye Heath Extension. Mahali mtaa unapokutana na nyasi pana ukuta mkubwa wa matofali wenye vibanda vya kupumzikia, ambao Unwin aliuchukua kutoka kwenye michoro yake ya Rothenburg, mji wa Ujerumani uliozungukwa na boma. Alitaka mji uishe ghafla na shamba lianze, badala ya nyumba kuyeyuka polepole kuingia mashambani. Ukisimama kwenye nyasi na kutazama nyuma, unaona mstari wa ukuta, mapaa, na juu yake mnara wa St Jude's. Ni mandhari bora kuliko yote ya matembezi.

Kidogo kusini, nyuma ya Heath Close, kuna Waterlow Court. Unaingia kwa njia iliyofunikwa kwa paa la mbao, kisha mbele yako kinafunguka kiwanja cha nyasi kilichozungukwa na ushoroba wa matao meupe. M. H. Baillie Scott alilibuni jengo hili, likamalizika mwaka 1909, kwa ajili ya wanawake wasioolewa wanaofanya kazi. Fikiria maana yake wakati huo. Mwalimu au karani wa kike alikuwa na njia chache: chumba cha kupanga kwa mama mwenye nyumba mkali, au kubaki kwa wazazi. Hapa alipata sebule, chumba cha kulala, jiko dogo, mlango wake mwenyewe na ufunguo wake mwenyewe, pamoja na ukumbi wa kulia chakula kwa pamoja kama hataki kupika. Ni mojawapo ya majengo yenye huruma zaidi ninayoyajua.

Leo ni makazi ya watu binafsi. Jengo linalindwa kwa daraja la juu katika orodha ya taifa, na matao yako kama yalivyokuwa. Mwanamke mwenye mshahara wa karani wa kawaida hawezi kulinunua hata chumba kimoja.

Kilichotokea

Maelezo rahisi ni kwamba bei za London zilipanda na basi. Ni kweli, ila hayatoshi, kwa sababu bei hazikuivunja sehemu ya sura, zimeivunja sehemu ya fedha pekee. Kwa nini moja ilistahimili na nyingine haikustahimili?

Tuanze na mwanzo wenyewe. Kodi za Asmuns Place zilikuwa nafuu kwa nyumba yenye bustani, lakini zilimfaa fundi stadi na karani mdogo. Kibarua wa Whitechapel, yule aliyemsukuma Bi Barnett kuanza, hakuzimudu, na kazi yake ya bandarini ilikuwa upande wa pili wa jiji. Kisha kitongoji kikapanuka. Kuanzia mwaka 1911 ziliongezwa ekari 412 upande wa mashariki, na baada ya vita zikajengwa zaidi nyumba za watu wa kipato cha kati. Unwin alijiuzulu mwaka 1914 na msanifu mwingine, J. C. S. Soutar, akashika nafasi yake. Samuel Barnett alikuwa amefariki mwaka 1913. Henrietta aliishi hadi 1936, akaona sehemu kubwa ya mabadiliko haya kwa macho yake.

Ushirika wa wapangaji ndio uliovunjika kimya kimya. Hisa zinauzwa. Kampuni yenye hisa zinazouzika inaweza kumezwa na kampuni nyingine, na nyumba za ushirika zikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa majengo. Mpangaji mwenza akageuka kuwa mpangaji, na mpangaji alipohama, nyumba ikauzwa. Hakuna kifungu kilichosema nyumba hii lazima ibaki ya mtu wa kipato fulani. Kulikuwa na nia, na nia ilikuwa ya watu waliozeeka wakafa.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1967, iliyowapa waliokodi ardhi kwa miaka mingi haki ya kuinunua kabisa. Kwa wakazi ilikuwa haki waliyostahili. Kwa Trust ilikuwa tishio, kwa kuwa mamlaka yake yote juu ya nyua na rangi za milango yalitokana na kuwa mwenye ardhi. Sheria ikatoa njia: maeneo kama haya yaweze kuwa na mpango wa usimamizi. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ikauidhinisha mpango wa Hampstead Garden Suburb. Tangu hapo, hata aliyeinunua nyumba yake moja kwa moja huchangia ada ya usimamizi na huomba ruhusa kabla ya kubadilisha dirisha, kuongeza chumba, kukata mti au kung'oa ua wa mbele ili aegeshe gari. Tayari mwaka 1968 kitongoji kilikuwa kimetangazwa eneo la hifadhi. Majengo zaidi ya 500 yamo kwenye orodha ya ulinzi.

Hapo ndipo kisa kinapofunguka. Wakati wa kuamua nini kiandikwe kwenye sheria, kiliandikwa kinachoonekana kutoka barabarani. Ua una kifungu chake. Kodi haina. Na ulinzi wa sura, kwa kuwa ulifanya kazi vizuri sana, ukaongeza thamani ya kila nyumba, na thamani hiyo ikamfukuza kwa kasi zaidi yule ambaye sura hiyo ilibuniwa kumpunguzia gharama. Barabara ya futi 20 ilikuwa njia ya kushusha kodi. Sasa ni sababu mojawapo ya kupanda kwa bei.

Wapo watakaosema kwamba bila thamani hiyo nyumba zingechakaa, zingebomolewa, na leo tusingekuwa na cha kutembelea. Wana hoja. The Orchard ilibomolewa pamoja na historia yake yote. Matengenezo ya paa la vigae ni ghali, na mwenye nyumba tajiri hulitengeneza. Siwalaumu wakazi wa sasa hata kidogo. Wengi wao hutunza nyumba hizi kwa mapenzi makubwa. Ninachokataa ni dhana kwamba kulikuwa na njia mbili tu, kuuza au kuoza. Ukomo wa kodi ungeweza kuandikwa kwenye hati ya kila kiwanja kama ulivyoandikwa ukomo wa nyumba 8 kwa ekari. Hati zilikuwepo, wanasheria walikuwepo, Bunge lilikuwa limeshasikiliza.

Sasa turudi kwenye zile ekari 80. Heath Extension iliwekwa mikononi mwa serikali ya jiji kabla hata ya nyumba ya kwanza kujengwa, na tangu 1989 inasimamiwa na City of London Corporation pamoja na Hampstead Heath yote. Bei za nyumba zimepanda mara nyingi kuzizunguka, na hazikuzigusa. Mtu yeyote kutoka Whitechapel akipanda treni leo anaweza kukanyaga nyasi hizo, kucheza mpira na kulala kivulini bila kumwomba mtu ruhusa. Shule ya wasichana aliyoianzisha Bi Barnett mwaka 1911, ambayo ipo kwenye jengo la Institute, nayo ni ya serikali na haitozi ada, ingawa mtihani wa kuingia ni mgumu na wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Kati ya vyote alivyovitamani, vilivyobaki wazi kwa mtu asiye na fedha ni vile vilivyokabidhiwa umma.

Namna ya kuyatembea

Kwa hiyo nawashauri wanaopanga matembezi haya, kwa ajili ya wanafunzi hasa, wabadilishe mpangilio. Msianzie Temple Fortune. Anzieni kituo cha Golders Green, maana treni ndiyo iliyoyaanzisha yote, kisha ingieni kwanza kwenye Heath Extension wakati miguu bado ina nguvu, na elezeni ekari 80 mkiwa mmesimama juu yake. Kutoka hapo nendeni Waterlow Court, mkikumbuka kwamba ni makazi ya watu, mtazame kwa adabu kutoka njia ya mbao bila kuingia uani. Pandeni Heathgate hadi makanisani. Central Square isichukue zaidi ya robo ya muda wenu, hata kama wenye kamera watanung'unika.

Willifield Green simameni mahali klabu ilipokuwa na mtaje The Orchard kwa jina. Malizieni Asmuns Place. Wape wanafunzi futi ya kupimia waupime upana wa barabara, wahesabu nyumba, wakadirie lami iliyookolewa, kisha wafungue simu zao na kutafuta nyumba ya mwisho kuuzwa mtaa huo ilinunuliwa kwa bei gani, na bei hiyo ni sawa na mishahara mingapi ya fundi wa leo.